Upepo wa Saa Tatu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeuumba upepo usioonekana akatupa ngozi ya kuuhisi, aliyeniweka mzima kwenye nyasi za shule moja kwa miaka thelathini na mbili, na akanisitiri hata pale nisipostahili kusitiriwa. Rehema na amani zimfikie Mtume wake. Baada ya hayo, naanza.

Nimestaafu hivi karibuni. Mkuu wa shule ameniomba niwaandikie ninyi walimu vijana habari za idara ya michezo, hasa habari za visahani, ili begi lile lisije likafungiwa stoo kwa kukosa anayejua matumizi yake. Nimekubali kwa sababu mbili. Ya kwanza ni hilo begi. Ya pili mtaikuta mbele, na nawaomba msiruke kurasa kuifuata, maana asiyeelewa kisahani hataelewa kosa langu.

Nilipofika Bigwa, Morogoro, kuanza kazi nilikuwa na filimbi shingoni na raba mpya nyeupe. Nilielekezwa stoo nikachukue mpira. Nilimkuta mzee mfupi mwenye penseli nyuma ya sikio anapiga randa mguu wa dawati. Huyo alikuwa Mzee Kibwana, mtunza stoo na fundi seremala wa shule, Mluguru wa Kinole.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Ndiye wewe wa michezo?”

“Ndiyo mimi.”

“Basi mpira upo mmoja, pampu hakuna. Ukitaka upepo, puliza.”

Nilidhani ananitania. Nilipuliza kwa wiki mbili, kwa bomba la kalamu, mpaka pampu ikapatikana. Mzee Kibwana ndiye aliyenifundisha kazi. Chuo kilinipa cheti tu, na ninakishukuru chuo.

Visahani vilikuja miaka mingi baadaye. Mgeni mmoja aliyekuja nchini kwa mambo ya kilimo alikuwa amepanga nyumba karibu na shule, na alipoondoka alituachia begi lenye visahani kumi na viwili vya plastiki pamoja na kijitabu cha Kiingereza. Mchezo wenyewe ni ndugu wa gofu, ila badala ya fimbo na kijipira unarusha kisahani kwa mkono mpaka kiingie kwenye kikapu cha chuma chenye minyororo. Anayefika kwa mirusho michache ndiye mshindi. Vikapu tulitengeneza wenyewe kwa pete za pipa na cheni chakavu za baiskeli. Tulivisimika sita kwenye mteremko ulio nyuma ya madarasa, vikitazamana na mlima. Kisahani kikigonga zile cheni hutoa mlio ambao hata mpishi wa shule alikuwa akiacha mwiko aje kuangalia.

Siku ile begi lilipofunguliwa nilitaka kurusha papo hapo. Mzee Kibwana alikataa.

“Hujakijua, utakirusha vipi?”

“Si tutakijua kikiruka?”

“Kikiruka kitakuwa kimeshaondoka, mwalimu.”

Tukavipeleka jikoni kwenye mizani ya maharage. Vingine vilikuwa na gramu mia moja na sabini na tano, vingine mia moja na hamsini. Tofauti hiyo ni uzito wa kitunguu kimoja kidogo, lakini angani ni kubwa. Kizito hakisumbuliwi na upepo, ila kinataka mkono wenye nguvu. Chepesi kinaenda mbali kwa mkono mdogo, ila upepo wowote unakichezea. Mzee alinifumba macho kwa kitambaa akanipa kimoja kimoja mkononi mpaka nikaweza kutaja uzito bila mizani. Ilinichukua siku nne. Wanafunzi walipita dirishani wakaona mwalimu wao amefungwa kitambaa usoni anapima plastiki, na kwa muhula mzima niliitwa Kipofu.

Baada ya uzito tukasoma umbo. Wanafunzi wenyewe ndio waliotoa majina, na nawaomba msiyabadilishe. Kisahani chembamba chenye ukingo mpana na mkali wanakiita Kisu. Hicho hukata hewa kwa kasi na kwenda mbali, lakini kasi ikipungua hakina subira, kinaanguka kwa pembeni. Chenye ukingo wa wastani ni Chapati, ambacho huenda polepole na kwa adabu. Chenye kina kirefu na ukingo butu ni Bakuli, cha kumalizia karibu na kikapu. Mwanafunzi mgeni atataka Kisu siku ya kwanza, kwa kuwa ndicho kinachowapendeza watazamaji. Mpeni Bakuli. Akinuna, mwacheni anune nalo.

Sasa lipo jambo ambalo lazima mlishike vizuri. Ukirusha kwa mkono wa kulia, ukikivuta kisahani kutoka kifuani, kitazunguka kama unavyozungusha kifuniko cha chupa kukifunga. Kikiwa bado na kasi, hutaka kulalia kulia. Kasi ikiisha, hurudi na kulalia kushoto. Kila kisahani kina tabia yake kati ya hizo mbili. Kizito chenye plastiki ngumu, ukingo wake ukiwa juu kidogo, hakilali kulia hata kidogo, kinaelekea kushoto tu. Chepesi kilichochakaa, ukingo ukiwa umeshuka, kinalala kulia na hakirudi.

Tulikuwa na Visu viwili vilivyokuwa mfano kamili wa tabia hizo. Kimoja kiliitwa Jiwe, cheusi, kizito, cha plastiki ngumu inayong'aa kama ndoo mpya. Miaka yote kimegonga miti na hakikubadilika. Cha pili kilikuwa chepesi, cha plastiki laini kama ya beseni, nacho kina historia. Nilikipeleka nyumbani nikakisafishe, na mke wangu, Mungu amlipe mema, akaona kinatosha sawasawa kwenye sufuria ya wali. Mvuke ulikilainisha, ukingo ukashuka. Nilikasirika, halafu nikakirusha, na kikalala kulia kwa uzuri ambao sijauona kwa kisahani kingine. Tangu siku hiyo kinaitwa Mfuniko. Kwa hiyo msiweke visahani juani wala kwenye maji ya moto, isipokuwa mna sababu na mna wali.

Nimefika kwenye upepo, na hapa mkono wangu unaanza kuwa mzito.

Upepo unaotoka pembeni husukuma kisahani kwa namna mbili. Kikiwa kimeulalia upepo, yaani mgongo wake unautazama, upepo hukikanyaga na kukishusha chini. Kikiwa kimeuonyesha tumbo, upepo hukibeba kama jani la mgomba na kwenda nacho unakotaka wenyewe. Kwa hiyo upepo ukitoka kushoto, rusha Jiwe. Litalala kushoto na kuupa mgongo. Upepo ukitoka kulia, rusha Mfuniko. Utalala kulia na kuupa mgongo. Ukibadilisha, umekiaga kisahani chako.

Pale shuleni kwetu jambo hilo halikutusumbua sana. Asubuhi hewa hushuka kutoka Uluguru, mchana hupanda, na vikapu vyetu vinatazamana na mlima. Upepo ulikuwa wa mbele au wa nyuma. Wa pembeni ulikuja mara chache, na ukija nilikuwa nasimama palepale, naonyesha kwa mkono, “Jiwe!” au “Mfuniko!” Hakuna aliyehitaji kusoma kitu.

Mwanaidi alikuja kidato cha kwanza akiwa msichana mwembamba kutoka Kinole, mwenye mkono mrefu na maneno machache. Mzee Kibwana alikuwa karibu kustaafu. Alimtazama akirusha Bakuli mara tatu, akaniambia, “Huyu usimfundishe sana.” Sikumwelewa. Nilidhani anamaanisha kwamba mtoto anajua vya kutosha. Alimaanisha kwamba mkono wake ulikuwa unausikiliza upepo wenyewe, na mimi ningeweza kuuingilia. Mzee alirudi kwao kupumzika, akafariki miaka miwili baadaye, Mungu amrehemu, na nikamkosa wakati nilipomhitaji zaidi.

Mwanaidi alipofika kidato cha nne yakatangazwa mashindano ya visahani kati ya shule kadhaa, Dakawa, kwenye uwanja ulio kando ya mashamba ya mpunga. Mshindi angepata nafasi ya kusomea ualimu wa michezo, na gharama zote zingelipwa. Kwa Mwanaidi haikuwa nafasi moja kati ya nyingi. Kwao mwenye kauli juu ya mtoto ni mjomba, na mjomba wake alishasema kwamba baada ya kidato cha nne anarudi Kinole kulima, ila kama hivyo visahani vitampeleka mahali. Alikuja siku moja shuleni, amevaa koti juu ya kanzu, akaniambia mbele ya binti, “Mwalimu, mimi sina neno na mchezo. Nataka kuona unafika wapi.”

Kanuni za mashindano zilisema mwalimu atakaa nyuma ya kamba na hatasema lolote. Mwanafunzi aliruhusiwa kubeba karatasi moja. Nikaamua kuwatafsiria wanafunzi wangu ukurasa wa upepo kutoka kwenye kile kijitabu. Kijitabu kilikuwa kinataja upepo kwa uso wa saa: mbele ni pale mshale unapoonyesha juu, kulia ni saa tatu, kushoto ni saa tisa. Mwalimu wa Kiingereza wakati huo alikuwa Bi. Rehema. Aliniona ofisini nimeinama juu ya karatasi baada ya swala ya alasiri.

“Nikuangalizie, Mwalimu Shabani?”

“Kiingereza cha michezo ni cha kwangu, Bi. Rehema.”

“Haya, baba. Cha kwangu ni cha Malkia.”

Wenzangu walicheka, nami nilichukia kidogo, na nikaandika kwa haraka kuonyesha kwamba najua. Upepo wa mbele na wa nyuma niliuandika hivyohivyo, mbele na nyuma, kwa kuwa ndivyo tulivyozoea. Wa pembeni niliufuata kama ulivyo kitabuni. Niliandika: Upepo wa saa tatu, tumia Mfuniko. Upepo wa saa tisa, tumia Jiwe. Nikawaambia wanafunzi, “Fikirini saa ya ukutani imelazwa chini, juu yake kunatazama kikapu. Mshale mfupi uko wapi upepo unapotokea? Someni saa, kisha someni karatasi.”

Msomaji wangu ameshaona. Ninyi nyote mmeshaona. Saa tatu ya Kizungu ni saa tisa yetu. Mshale ukiwa kulia, mtoto yeyote wa Morogoro atakwambia ni saa tisa. Ukiwa kushoto, ni saa tatu, wakati wa chai ya asubuhi. Niliwatafsiria maneno, nikasahau kutafsiri saa, kisha nikawaamuru wasome saa kama wanavyoisoma. Nilikuwa nimegeuza kulia kuwa kushoto kwa mwandiko wangu mzuri, na chini nikatia sahihi.

Dakawa hakuna mlima wa kukinga chochote. Ni tambarare tupu, na upepo unapita juu ya mpunga unavyotaka. Mpaka kikapu cha mwisho Mwanaidi alikuwa anaongoza kwa mrusho mmoja. Mjomba wake alisimama karibu yangu nyuma ya kamba, na koti lake. Upande wa kulia wa kikapu ulipita mfereji wa kumwagilia, wenye maji. Upepo ulianza kuvuma kutoka kushoto.

Nilimwona akiingiza mkono begini akatoa Jiwe. Nikasema moyoni, sawa. Kisha nikamwona anatazama karatasi. Akalirudisha Jiwe, akatoa Mfuniko.

Ulilala kulia, kama kawaida yake, ukaonyesha tumbo lake lote kwa upepo, na upepo ukaubeba mpaka katikati ya mfereji. Kwa kanuni aliongezewa adhabu ya mrusho mmoja na kurusha tena. Kijana wa kuokota aliuopoa, akampa. Nikadhani sasa atabadilisha. Akatazama tena karatasi, akaurusha uleule Mfuniko, ukaanguka majini hatua mbili kutoka pale pa kwanza.

Mjomba alikunja mikono. “Niliambiwa sahani inapaa,” alisema. “Naona inaogelea.”

Mwanaidi alikuwa wa nne. Nafasi ilikwenda shule nyingine.

Jumatatu yake, mstarini, shule nzima ikiwa imesimama, nilitakiwa kutoa taarifa ya mashindano. Nilikuwa na hasira na aibu ya kushindwa mbele ya walimu wa shule nyingine. Nikasema, “Tulikuwa tunashinda. Lakini wapo wanafunzi wanaoandikiwa maelekezo mpaka kwenye karatasi, na hawasomi.” Wote waligeuka kumtazama. Akanyoosha mkono.

“Nilisoma, mwalimu.”

“Ungesoma, usingekosea.”

“Nilisoma.”

“Kaa kimya, Mwanaidi. Bata ndiye anayependa mfereji.”

Ninayaandika maneno hayo kama nilivyoyasema. Walicheka, na jina la Bata likamganda mpaka alipomaliza shule. Alifanya mtihani wake, mjomba akaja kumchukua, na mimi sikutoka ofisini kumuaga.

Wiki chache baada ya hapo Bi. Rehema alikuta nakala ya ile karatasi juu ya meza ya walimu. Aliisoma akiwa amesimama, kikombe cha chai mkononi.

“Mwalimu Shabani, saa tatu hii ni ipi?”

“Ya kulia. Si imeandikwa kitabuni?”

“Kitabuni imeandikwa kwa Kiingereza. Hapa umeandika kwa Kiswahili.” Alinyoosha kidole kwenye saa ya ukutani. “Nionyeshe saa tatu.”

Nilitazama ukutani. Mshale wa saa tatu hukaa kushoto. Chai yake ilikuwa imeacha kutoa mvuke.

“Yule binti,” alisema kwa sauti ndogo.

“Tuliache hilo, Bi. Rehema. Nakuomba.”

Naye aliliacha, kwa kuniheshimu, na heshima ile imenielemea kuliko ambavyo lawama ingenielemea. Niliandika karatasi mpya iliyosema kulia na kushoto, ndiyo mnayoitumia mpaka leo. Ya zamani niliikunja nikaiweka nyuma ya jalada la daftari la michezo. Sikuichana. Nilijiambia kwamba mtoto ameshaondoka, kwamba kumtafuta ni kumtonesha, kwamba toba yangu naipeleka kwa Mola wangu ambaye ni mwingi wa kusamehe.

Lakini nilikuwa pia nafundisha madrasa, Mwembesongo, kila mwisho wa wiki. Kila Ramadhani nilikuwa nawasomesha watoto masharti ya toba. Uache dhambi. Ujute. Uazimie kutorudia. Na kama ni haki ya mja mwenzako, umrudishie mwenyewe, maana hiyo Mungu ameiacha mkononi mwa mwenyewe. Matatu ya kwanza nilikuwa nayaeleza kwa mifano mizuri mpaka watoto wanatikisa vichwa. Hilo la nne nililitaja na kufunga kitabu. Kwa miaka kumi na mbili nilifunga kitabu pale pale.

Mwaka huu walimu waliamua kunishonea kanzu ya kuagwa. Wakanielekeza kwa fundi mmoja aliyefungua duka karibuni Mwembesongo, mwanamke, wakasema anasifiwa. Niliingia dukani, cherehani tatu zinalia, na fundi mwenyewe akainuka na utepe wa kupimia shingoni.

“Shikamoo, Mwalimu Shabani.”

“Marahaba, mama. Tunafahamiana?”

“Bata,” alisema. Hakucheka. “Wa Dakawa.”

Miguu yangu ilitaka mlango. Yeye alisema tu, kama anavyomwambia mteja yeyote, “Nyoosha mikono, mwalimu.” Nikainyoosha. Akaweka utepe begani. Nikaona kwamba kama sitasema nikiwa nimenyoosha mikono hivi kama mtu anayekamatwa, sitasema tena.

“Mwanaidi, ile karatasi ilikuwa na kosa. Kosa langu mimi.”

Utepe ulisimama.

“Najua,” alisema.

“Unajua tangu lini?”

“Tangu palepale. Upepo ulikuwa unanipiga shavu la kushoto, mkono umeshashika Jiwe. Nikafungua karatasi, ikaniambia Mfuniko.”

“Sasa kwa nini hukuuamini mkono?”

“Karatasi ilikuwa ya mwalimu.”

“Na mara ya pili?”

“Mara ya pili niliona labda nimerusha vibaya. Mwalimu hawezi kukosea, basi nimekosea mimi. Nikarusha vizuri zaidi.”

Nimewahi kufiwa, nimewahi kuugua, na nimewahi kusimama mbele ya kaburi la mwalimu wangu. Sijui kama kuna kauli iliyoniingia kama hiyo. Nilimshtaki mtoto kwa kutotii, na kosa lake lote lilikuwa kunitii.

“Nisamehe, mwanangu.”

Alichukua pini akaziweka mdomoni, akazitoa tena. “Yale maneno uliyasemea wapi, mwalimu?”

“Mstarini.”

“Haya.” Akaandika namba kwenye daftari bila kunitazama. “Shusha mikono.”

Siku ya kuagwa alileta kanzu mwenyewe, na walimu wakamkaribisha akae. Ilikuwa kanzu safi, ya kola ya tarizi, ila ilinibana mabegani. Nikaona nastahili kubanwa. Nilisimama kusema, nikiwa na ile karatasi ya zamani mfukoni. Nilishukuru. Nilisimulia habari za pampu na Mzee Kibwana, watu wakacheka. Nilipofika mahali penyewe nikamwona amekaa karibu na mlango, mikono mapajani, anasubiri. Na mdomo wangu ukasema lile ambalo kila anayeagwa husema: “Kama nimemkosea yeyote, kwa kujua au kwa kutojua, naomba anisamehe.”

“Tumekusamehe!” ukumbi wote ukaitikia, na makofi.

Yeye peke yake hakufungua mdomo.

Nimeishi muda mrefu, na bado sijui jambo la aibu kuliko hilo. Nilikuwa na jina la mtu, tarehe, mahali na maneno, na nikavificha ndani ya neno “yeyote”. Nawaambia ninyi vijana: msiombe msamaha wa jumla kwa kosa lenye jina. Ni kama kutupa kisahani juu ukidhani kitamwangukia unayemkusudia.

Jumapili nilikwenda tena dukani kwake, nikasimama mlangoni.

“Kesho, mstarini. Nimeshamwomba mkuu wa shule.”

Alisimamisha cherehani. “Saa ngapi?”

“Saa moja na nusu.”

“Ya kwetu au ya Kizungu?”

Hakungoja jibu, akarudi kwenye kazi yake.

Jumatatu nilivaa kanzu ileile. Wanafunzi walishangaa kumwona mtu waliyemuaga juzi amerudi. Mwanaidi alisimama pembeni, pale pale alipokuwa amesimama mwaka ule. Sikutoa utangulizi. Nilisema kwamba miaka kumi na mbili iliyopita, mahali hapa, nilimwambia mwanafunzi Mwanaidi kwamba hakusoma maelekezo. Nilisema alisoma, na aliyefuata maelekezo kwa usahihi ni yeye, na aliyeandika uongo ni mimi, na kwa uongo ule alikosa masomo, na kwa ulimi wangu akapewa jina. Niliitoa karatasi nikaisoma. Nilisema nilijua ukweli wiki chache baadaye na nikanyamaza kwa sababu ya cheo cha kuitwa mwalimu.

Wengi hawakuwa wakimjua. Kulikuwa na kukohoa, na miguu inachezea kokoto. Nilikuwa nimejiandaa kwa hukumu, sikujiandaa kwa watoto kuchoka. Kisha binti mmoja wa mstari wa mbele akauliza, “Sasa mwalimu, saa tatu ndiyo upande gani?”

Nikainua mkono wa kushoto kumwonyesha. Mshono wa bega ulipasuka, ukalia mstari mzima ukausikia. Shule ikaangua kicheko. Mwanaidi alitoka pale aliposimama, akaja mpaka mbele, akalishika lile bega, akalitazama kwa jicho la fundi.

“Nilikosea kipimo,” alisema kwa sauti ya kusikika na wote. “Kosa langu. Ilete kesho niirekebishe.”

Aliliona kosa akalitamka bila hata kuvuta pumzi. Akarudi kwenye kazi yake Mwembesongo, nami nikabaki mbele ya shule na bega wazi, nikihesabu jinsi maneno yale yalivyokuwa machache.

Begi lipo stoo, rafu ya chini, mbali na dirisha. Jiwe limo. Mfuniko umo. Karatasi mpya imegundishwa ndani ya mfuko, na nyuma yake, kuanzia leo, nimegundisha ile ya zamani. Msiiondoe.

Mwenyezi Mungu akubariki wewe uliyesoma mpaka hapa. Akupe mkono unaousikiliza upepo, na wanafunzi wenye ujasiri wa kukwambia umekosea. Na siku utakapokosea, akufupishie njia kati ya kulijua kosa na kulitamka, isiwe ndefu kama yangu. Amin.